Shida Si Talanta, Ni Geti

Leo sina video. Nina maneno tu, na ni marefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai ukae.

Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, nilikuwa nimesimama nje ya shule moja ya msingi huku kwetu Kayole. Ndani ya ua kuna kiwanja cha voliboli. Mchanga umeshindiliwa vizuri, nguzo mbili za chuma zimesimama, hakuna mtu. Geti limefungwa kwa kufuli kubwa kama ngumi yangu. Nje ya geti, barabarani, watoto kama ishirini wamefunga kamba ya manila kutoka kwa mlingoti wa stima hadi kwa chuma ya kibanda cha nyama, na wanapiga mpira uliobanduka ngozi. Bodaboda ikija, mchezo unasimama, mtu anainua kamba na fimbo, bodaboda inapita chini, mchezo unaendelea.

Nilihesabu. Ndani ya nusu saa kamba iliinuliwa mara kumi na tisa.

Kwa hivyo maoni yangu nayasema mapema ili usije ukaniambia nimekuzungusha: Kenya haina shida ya talanta ya voliboli. Ina shida ya mageti.

Ukitaja voli hapa kwetu, kila mtu anawaza Malkia Strikers, na ni haki yao. Hawa dada zetu wamechukua ubingwa wa Afrika mara 10, wa kumi ukiwa ule wa 2023 kule Yaoundé. Wamefika Olimpiki mara nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo ile iliyochezwa 2021, na Paris 2024. Tokyo, mmoja wa waliobeba bendera ya Kenya alikuwa Mercy Moim. Paris, alikuwa Trizah Atuka. Wote wawili wa voliboli. Nchi inayojulikana dunia nzima kwa mbio, na bendera inashikwa na wachezaji wa wavu. Hiyo si mchezo.

Sasa upande wa pili. Katika Olimpiki hizo zote nne, hatujawahi kushinda mechi hata moja. Na kila tukipigwa, komenti ni zile zile: "Walienda kutalii." "Warudishwe nyumbani." Mimi mwenyewe niliandika kitu kama hicho 2021, nimelala kwa kochi, smoki pasua mkononi. Nikikumbuka leo naona haya, kwa sababu sikuwa nimejiuliza swali moja la maana: huyo dada alianza kucheza akiwa na miaka mingapi, na alichezea wapi?

Angalia vilabu vyetu vikubwa. Kenya Prisons. Kenya Pipeline. KCB. DCI. Soma hayo majina polepole. Magereza. Bomba la mafuta. Benki. Wapelelezi. Vyote ni vilabu vya waajiri. Sivisemi vibaya hata kidogo. Vimewapa wachezaji mshahara na kazi, na bila vyenyewe pengine tusingekuwa na Malkia Strikers wa kujivunia. Lakini mwajiri huchukua tunda lililoiva. Nani analipanda?

Jibu ni shule za sekondari, tena chache. Wasichana wa Kwanthanze kule Machakos. Wavulana wa Cheptil kule Nandi, na Malava kule Kakamega. Ukibahatika kuingia shule ya namna hiyo, uko na kocha, mipira, na safari za mashindano. Ukikosa, je? Ukimaliza fomu foo na hakuna aliyekuona, je? Kati ya geti la shule na geti la mwajiri hakuna kitu. Ni shimo. Na wengi wetu tuko ndani yake.

Hilo shimo nalijua kwa miguu yangu. Nilisoma bodi upande wa Magharibi, na huko voli ni kama dini. Nilikuwa seta. Sikuwa nyota, lakini nilikuwa naanza. Likizo nikirudi Kayole, miezi yote hiyo sigusi mpira, kwa sababu hakukuwa na pa kuugusia. Baadaye nikaingia chuo kikuu, nikaingia timu, maisha yakawa sawa. Mwaka wa pili karo ikakataa kabisa. Nikaondoka. Watu hunionea huruma kwa sababu ya digrii, na mimi huwaambia ukweli: digrii iliniuma, lakini kilichoniangusha ni kwamba siku niliyorudisha kitambulisho cha mwanafunzi, nilipoteza kiwanja. Wiki nzima nilikuwa na saa tatu za kucheza na watu walioniita kwa jina la utani. Zikaisha siku moja. Nilikaa ndani miezi minne. Mathe alikuwa anaacha chai mlangoni na kwenda zake.

Hiyo ndiyo sababu mimi hukasirika mtu akisema michezo ya mtaani ni ya "kuepusha vijana na madawa". Hiyo hoja hutolewa na watu wazuri, najua, lakini isikilize vizuri: inatuchukulia sisi kama moto unaongoja kuwaka, na mpira ni maji ya kutuzima. Mimi sikuhitaji kuzimwa. Nilihitaji pa kwenda saa kumi na moja jioni. Dogo wa miaka kumi na tatu hastahili kiwanja kwa sababu eti asipokipata atakuwa mwizi. Anakistahili kwa sababu ni mtoto, na mtoto hucheza.

Sasa tuongee hesabu, maana hapa voli inashinda kila mchezo. Kiwanja cha voliboli ni mita 18 kwa 9. Ongeza mita tatu kila upande za kukimbilia mpira, inakuwa 24 kwa 15. Uwanja kamili wa kandanda wa kimataifa ni mita 105 kwa 68. Ukiukata, unapata viwanja 16 vya voli, vyote na nafasi ya kukimbilia. Kandanda: watu 22 wanacheza. Voli: watu 192, pahali pale pale. Huku Nairobi, ambako viwanja vingi vimegeuka magorofa na vioski, mchezo unaotoshea nyuma ya kanisa ndio mchezo wetu. Na tena hakuna kugongana miguu. Wavu uko katikati. Shosho yangu alitazama mechi moja akasema, "Huu ni mpira wa watu wenye adabu."

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: huu mchezo haukubuniwa kwa ajili ya mabingwa. Aliubuni William G. Morgan mwaka 1895, kule Holyoke, Massachusetts, akifanya kazi YMCA. Alitaka mchezo wa watu wa kawaida, watu wazima wanaotoka kazini, ambao mpira wa kikapu ulikuwa unawachosha sana. Wavu wake wa kwanza ulikuwa na urefu wa futi sita na inchi sita, kama mita mbili hivi. Leo wanawake huchezea mita 2.24 na wanaume mita 2.43. Ina maana voli ilizaliwa ikiwa fupi, ya karibu na ya kila mtu. Sisi ndio tumeifungia ndani ya geti.

Mwaka juzi tuliamua kujaribu. Sisi wanne, wote tulicheza sekondari, wote hatukuwa na kazi ya maana. Tulichanga tukanunua mpira mmoja. Fundi wa jua kali akatuchomelea bomba mbili kuukuu za maji, tukazisimamisha ndani ya tairi za lori tulizojaza zege, ndiyo maana nguzo zetu zinabingirika zikihama. Wavu tulipata wa mtumba, na wa watoto tunaufunga mita mbili, kama wa Morgan. Kiwanja ni ua wa kanisa moja. Nilienda kwa pasta mara tano. Mara ya tano akaniuliza, "Kijana, kioo kikivunjika nimuulize nani?" Nikasema mimi. Akasema, "Na ukihama?" Hapo nikanyamaza.

Hilo swali ndilo ufunguo wa haya yote. Wenye mageti si watu wabaya. Mwalimu mkuu anaogopa mtoto akivunjika mkono kwenye ua wake Jumapili, yeye ndiye ataitwa. Mzee wa kanisa anaogopa viti vitaibwa. Woga wao una sababu. Wanachokosa ni mtu wa kujibu. Tulipompata mama mmoja wa chapati, anayeheshimiwa mtaa mzima, akakubali kukaa pale na kibanda chake kila siku ya mazoezi, pasta alitoa ufunguo siku hiyo hiyo. Hakumpa kijana mwenye wafuasi wengi mtandaoni. Alimpa mama wa chapo. Na alikuwa sawa.

Lakini nisiwauzie hadithi tamu. Tulikosea mara tatu, na makosa hayo yana mafunzo kuliko mafanikio yetu.

Kosa la kwanza ni finje. Tuliweka ada ya shilingi hamsini kila siku ya mazoezi, ya kununua mpira wa pili. Tulianza na watoto ishirini na sita. Baada ya wiki tatu tulibaki na kumi na moja, na karibu wote walikuwa wavulana. Nilidhani wasichana wamechoka. Siku moja mmoja akanieleza vizuri: kaka yake hutafuta finje kwa kubeba mitungi ya maji, hamuulizi mtu. Yeye lazima aombe nyumbani, na akiomba anajibiwa, "Hiyo mpira itatupikia?" Pesa ile ile, lakini mlango si ule ule. Tukaondoa ada. Badala yake tukawaambia wazazi walete walicho nacho: ndoo ya maji, ufagio, uzi wa kushona wavu, saa moja ya kukaa na mama wa chapo. Wasichana tisa wakarudi.

Kosa la pili ni saa. Tulianza saa kumi na moja na nusu jioni kwa sababu sisi wanne ndio ilitufaa. Saa kumi na mbili wasichana wote wanakimbia nyumbani, giza linaingia, na njia yetu haina taa. Tukahamia Jumamosi asubuhi. Jumamosi asubuhi msichana wa Kayole anafua. Hakuna aliyekuja. Mwishowe tukafanya kile tungefanya siku ya kwanza: tukawauliza. Wakachagua Jumatano saa kumi na robo na Jumapili saa tisa. Tangu hapo hatujabadilisha.

Kosa la tatu ni langu peke yangu, na ndilo linaniuma. Kuna msichana alikuwa na miaka kumi na nne, mkono wake wa kushoto ulikuwa kama mjeledi. Nilimrekodi akipiga spaiki, nikaipandisha bila kumuuliza mtu. Ilitazamwa zaidi ya mara elfu arobaini. Nilikuwa na furaha kama nimeokota pesa. Sikusoma komenti hadi usiku, na nusu yazo hazikuwa za voliboli. Zilikuwa za mwili wake. Wa miaka kumi na nne, wasee.

Kesho yake mamake alikuja hadi kiwanjani. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kijana wangu, hiyo simu yako inalisha nani?"

Niliifuta. Nikaenda kwao kuomba msamaha, nikapewa chai, nikasikilizwa, nikashukuriwa kwa kuja. Msichana hajarudi. Siku hizi anayekuja ni ndugu yake mdogo, na huwa tunapatana na dada mtu dukani, ananisalimia vizuri kabisa, "Sasa kocha," na kupita. Tuna sheria sasa: hakuna uso wa mtoto kwenye simu bila mzazi kukubali, na simu yangu hukaa kwenye mkoba wa mama wa chapo hadi tumalize. Ndiyo maana leo hakuna video. Nimejifunza kwamba geti linaweza kufungwa na mtu wa ndani pia, mtu anayependa mchezo, akiwa na nia nzuri na kiu ya kuonekana.

Na hiyo kiu si yangu tu. Kuna mashindano ya siku moja, unayajua. Mheshimiwa anakuja na jezi zilizo na picha yake, soda, spika kubwa, na kombe refu kuliko mtoto anayelipokea. Jumapili tunacheza, tunapiga picha, tunashangilia. Jumatatu geti limefungwa na wavu umerudi kwa gari. Sikatai kombe. Nasema tu kwamba kombe moja halimfundishi mtu kupokea sevu. Kupokea sevu hufundishwa na Jumatano mia moja. Gharama zetu za mwaka wa kwanza, mipira, wavu, nguzo na sanduku la dawa, hazikufika elfu ishirini. Spika tu za siku moja zinaweza kula hizo.

Najua kuna msee anasema, "Lakini hii si kazi ya serikali?" Ni kazi yao. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti vifaa vya michezo na sehemu za burudani. Usiache kuwadai. Nenda kwenye vikao vya umma vya bajeti na utaje kiwanja kwa jina, si "michezo" kwa jumla, maana neno "michezo" linaweza kumeza pesa bila kuacha hata mstari chini. Lakini kudai si sababu ya kungoja. Shule ya msingi ya umma ilijengwa na kodi zetu, kiwanja kiko, nguzo ziko. Hatuombi kujengewa. Tunaomba ufunguo wa Jumapili mchana, kwa maandishi, na jina la mtu mzima wa kujibu kioo kikivunjika.

Na kuna yule wa "voli hailipi". Ni kweli, wengi hawatalipwa. Kati ya watoto wetu thelathini na kitu, labda mmoja ataitwa na klabu kubwa. Labda hata huyo mmoja hayuko. Lakini hatuulizi kwaya ya kanisa inalipa ngapi. Na ukiangalia kutoka upande wa Malkia Strikers, hesabu inageuka: timu ya taifa inayochagua kutoka kwa shule chache haiwezi kuwa sawa na ile inayochagua kutoka kila mtaa. Paris tulicheza na Brazil, Poland na Japani. Japani watoto wengi hushika mpira kwenye vilabu vya baada ya masomo, kila siku, miaka na miaka. Sisi tunaenda kukutana nao tukitoka kwenye shimo.

Watu wa Pwani, nyinyi hata hamna kisingizio cha geti. Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi walituwakilisha Tokyo katika voliboli ya ufukweni, mara ya kwanza kwa Kenya. Nyinyi mko na mchanga wa bure pale Pirates. Funga kamba mkaanze.

Sisi wengine, tufanye hivi wiki hii. Tembea mtaani kwenu utafute kiwanja kilichofungwa; lazima kiko. Jua ufunguo uko kwa nani, jina lake na saa anazopatikana. Kabla hujaenda kwake, tafuta mama wa chapo wa kwenu, yule mtu ambaye mtaa mzima unamwamini. Halafu waulize wasichana saa ngapi. Mpira uwe wa mwisho kununua.

Mimi Jumatatu narudi kwa ile shule yenye kufuli. Nimeandika barua kwa mwalimu mkuu, ukurasa mmoja, na chini kuna sahihi tatu: yangu, ya mama wa chapo, na ya pasta, ambaye amekubali kusema kwamba kwa mwaka mmoja na nusu kioo kilichovunjika ni kimoja, na tulilipa.

Akikataa nitarudi. Kwa pasta ilikuwa mara tano.

Niambie hapo chini: kwenu ufunguo uko kwa nani?